Stima, Stimela

Mjomba alikuwa fundi redio Mwembe Tayari, katika duka jembamba lililoelekea njia ya matatu, na ukutani mwa duka hilo palikuwa na msumari uliotundikwa diski moja. Haikuwa na kasha, na maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa kushikwashikwa. Spika ikiletwa inakoroma, Mjomba aliifungua, akaichungulia koni, akalehemu waya uliokatika, akairudisha mahali pake, kisha akaitungua ile diski msumarini. Aliruka nyimbo zote mpaka wa mwisho.

"Sikiza kengele," alikuwa akiniambia. "Ikilia kama imetiwa mchanga, spika ndogo imekwisha. Haya, ngoja besi. Besi ni lazima uisikie tumboni kabla ya masikioni. Sasa huyu bwana atapiga king'ora kwa mdomo wake. Hapo ndipo spika iliyopasuka hutoa siri."

Dakika tatu zilitosha. Mteja alilipa, spika ikapandishwa mkokotenini au ikapakiwa nyuma ya matatu, na diski ikarudi msumarini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikishinda dukani kila shule zikifungwa, na dakika zile tatu nilizijua kama nilivyojua adhana. Sikujua kama ni tamasha. Sikujua sauti ile ni ya nani, wala kwamba mwenyewe ni mpiga tarumbeta, kwa sababu tarumbeta katika wimbo ule inachelewa kuingia, na wateja wa Mjomba walikuwa na haraka.

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba Mjomba hakuwa peke yake. Mafundi na wauza spika duniani kote wanautumia wimbo huohuo kupimia vyombo, kwa sababu ulirekodiwa vizuri mno: kengele iko juu kabisa, besi iko chini kabisa, na katikati kuna sauti ya mtu mzima inayokwaruza kidogo, nayo sauti ya mtu ni kitu kigumu kukidanganya. Sikuchukia kulijua hilo. Fundi aliyezoea kusikiliza namna ile anasikia mambo ambayo mimi sijayasikia hadi leo. Lakini nilimsikitikia yule bwana wa msumarini, kwamba watu wengi wamemsikia bila kumsikiliza.

Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, alifariki Johannesburg tarehe 23 Januari 2018. Jioni ile nilikuwa katika matatu nikirudi nyumbani Changamwe, dereva kafungulia redio, mtangazaji akasema maneno machache ya tanzia, halafu ikalia kengele. Nilishuka kituoni nikiwa nimelijua jina.

Juma hilohilo stima zilipotea kwetu usiku mzima. Nilitandika mkeka uani, nikatia visikilizio masikioni, nikaisikiliza albamu yote kwa simu tangu wimbo wa kwanza. Inaitwa Hope, yaani tumaini. Ilirekodiwa mubashara mwaka 1993 katika klabu ya Blues Alley, mtaa wa Georgetown, Washington, ikatoka mwaka uliofuata. Blues Alley ni klabu ndogo ya jazi, mlango wake uko uchochoroni kama jina lake linavyosema, na watu hukaa mezani karibu sana na wanamuziki. Kitu cha kwanza nilichokisikia, kabla ya ala yoyote kunishika, ni hao watu. Makofi yao hayana mwangwi wa uwanja wa mpira. Ni makofi ya chumbani, unaweza karibu kuyahesabu.

Na hapo nikajikuta nyumbani.

Mtu aliyekulia Mombasa miaka ya kanda ana sikio lake kwa mambo haya. Taarabu yetu hatukuijulia studio peke yake. Tuliijulia kanda za arusi. Juma Bhalo, Maulidi Juma, Zuhura Swaleh, wote hao tuliwasikia wakiimba mbele za watu, katika ua wa mtu, na mashine ya kurekodia imewekwa karibu na spika. Kanda ilinakiliwa, ikanakiliwa tena, mpaka sauti ikawa inatokea kama nyuma ya pazia. Lakini watu walikuwemo ndani. Mwimbaji akifika kwenye fumbo lenye mwenyewe, kigelegele kinapasuka upande mmoja wa ua, halafu kimya kidogo upande wa pili, na wewe msikilizaji unajua kwamba ujumbe umefika. Ubeti unarudiwa mara tatu, nne, kwa kuwa kuna mtu ameinuka kutunza na mwimbaji hawezi kumwacha njiani na noti yake mkononi. Mtoto analia. Kiti kinaburutwa. Kanda inaisha katikati ya ubeti, unageuza upande, na mambo yanaendelea.

Mama alikuwa na kanda moja aliyoitunza ndani ya sanduku la nguo, pamoja na udi. Akiiweka, hakutuonyesha ala wala mwimbaji. Alituonyesha vigelegele. "Hicho cha shangazi yenu. Hicho cha jirani yetu wa Majengo, Mungu amrehemu. Huyo anayecheka ni nyanya yenu." Nyanya alikuwa amekwisha kufa. Kucheka kwake kulikuwa kumebaki pale, baina ya ubeti wa pili na wa tatu, na Mama alikuwa na desturi ya kunyamaza kanda ikikaribia mahali hapo.

Kwa hivyo nilipoisikiliza Hope sikuona ajabu kwamba nyimbo zinarefushwa. Mtu asiyezoea anaweza kuuliza mbona Stimela, ule wimbo wa mwisho wa Mjomba, peke yake unakwenda karibu dakika kumi. Unakwenda dakika kumi kwa sababu ile ile ya ubeti kurudiwa Majengo: kuna watu mbele, nao wanadai.

Masekela alizaliwa tarehe 4 Aprili 1939 karibu na Witbank, mji wa machimbo ya makaa ya mawe, ambao siku hizi unaitwa eMalahleni. Alilelewa na bibi yake, aliyekuwa akiuza pombe kwa magendo, na wateja walikuwa wachimbaji. Huo ndio ujuzi wake wa kwanza wa dunia: wanaume waliotoka mbali, wamechoka, wanakunywa, wanazungumza lugha za kwao. Shuleni padri Trevor Huddleston alimpatia tarumbeta. Baadaye Huddleston alipokwenda Marekani alikutana na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, naye Armstrong akawatumia vijana wale tarumbeta yake mwenyewe. Napenda kufikiria kile chombo kikisafiri, kitu ambacho pumzi za mkubwa yule zilikwisha kupita ndani yake, kinafika mikononi mwa watoto ambao serikali yao haikuwataka wajue hata kusoma sawasawa.

Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliua watu 69 Sharpeville, huko kwao Afrika Kusini. Mwaka huohuo Masekela aliondoka, akiwa na miaka 21. Alikwenda London, akaenda New York kusomea muziki, akamwoa Miriam Makeba, wakaachana, mwaka 1968 wimbo wake Grazing in the Grass ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Hayo yameandikwa kwingi na mengine si ya kujivunia. Mwenyewe alizungumza waziwazi juu ya pombe na dawa zilizomlia miaka. Ninalotaka tulishike ni hesabu hii tu: aliondoka 1960, akarudi kwao 1990, Mandela alipokwisha kutoka gerezani. Miaka 30.

Sasa itazame tarehe ya albamu. Mwaka 1993 Mandela yuko nje, lakini uchaguzi haujafanyika. Kura ilipigwa Aprili 1994. Usiku ule Blues Alley, mtu mweusi wa Afrika Kusini alikuwa bado hajapiga kura nchini mwake hata mara moja, na mpiga tarumbeta huyu wa miaka 54 alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana naliona jina la albamu ni jina la kweli kabisa, la mtu aliyekaa katikati ya daraja.

Kuna wimbo humo uliotungwa Mandela akiwa bado kifungoni. Mwaka 1985 Masekela alikuwa akiishi Botswana, na siku yake ya kuzaliwa ilipofika alipata barua iliyotoroshwa kutoka gerezani, Mandela akimtakia heri. Mfungwa anamkumbuka mtu huru siku ya kuzaliwa kwake! Alikaa kwenye piano na wimbo ukatoka. Ulitolewa 1987 ukidai Mandela arudishwe nyumbani, aonekane akitembea mitaani. Katika tamasha la 1993 maneno hayakubadilishwa. Aliyeombewa kurudi amekwisha kurudi, na bado wanaomba vilevile, kwa furaha, na ukumbi unaitikia. Dua iliyokubaliwa inasomwa upya. Hakuna studio ingeweza kulitengeneza jambo hilo, maana halimo katika noti. Limo katika siku wimbo ulipopigwa.

Si kila kitu cha albamu hii nakipenda. Kinanda cha umeme kina mng'aro wa miaka ya tisini ambao katika nyimbo mbili tatu unafunika magitaa niliyotamani kuyasikia. Lakini bendi inapotulia kwenye mdundo, hasa besi na ngoma za mikono, hakuna anayeharakisha. Watu wale wanajua kungoja. Bendi ya vijana ingemaliza Stimela kwa dakika sita.

Na yeye mwenyewe anapopuliza hapulizi mengi. Chombo alichokishika miaka ile hasa kilikuwa flugelhoni, ndugu wa tarumbeta. Urefu wa bomba ni mmoja, lakini bomba la tarumbeta limenyooka sehemu kubwa ya safari yake na ndiyo maana sauti inatoka kali, inachoma. La flugelhoni linapanuka polepole tangu mwanzo, sauti ikatoka nene, ya joto, yenye giza kidogo. Ala hizi hazina uzi wala ngozi. Kinachotikisika ni midomo ya mpigaji mwenyewe. Mpiga gitaa akizeeka atabadilisha nyuzi. Mpiga tarumbeta akizeeka hana cha kubadilisha, atapiga kwa midomo iliyopo na mapafu yaliyopo. Ukisikiliza kwa visikilizio, gizani, unasikia mahali Masekela anapovuta pumzi. Anaacha nafasi. Anasema sentensi fupi, ananyamaza, bendi inapita mbele yake kama watu wanaopita barazani, halafu anasema nyingine.

Neno letu tarumbeta tulilipata kwa Wareno, waliosema trombeta, haohao walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Tulilichukua neno, na chombo chenyewe tukakingoja miaka mingi, mpaka bendi za jeshi na za misheni zilipoanza kupita mitaani, mwishoni mwa karne ya 19. Ndipo pwani hii, Lamu na Mombasa, ikazaliwa beni. Watu wa mji walishona sare, wakajipa vyeo, wakapiga ngoma na matarumbeta kwa mashindano, mtaa kwa mtaa. Hapa Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi, na wafuasi wao walitumia mali isiyo kidogo kuaibishana. Kutoka hapa beni ilishuka Tanganyika, ikawa Marini na Arinoti, ikaenea pamoja na askari na vibarua mpaka bara.

Babu yake Mjomba alipiga tarumbeta katika bendi mojawapo. Hilo Mjomba alilisema mara moja tu, akiwa ameinama juu ya amplifaya, na nilipomuuliza walipigaje alijaribu kunionyesha kwa mdomo: pa-ra, pa-ra-ra. Akaacha. "Hakuna aliyewarekodi," alisema. Mtu aliyekuwa na rafu nzima ya mashine za kurekodia, aliyeokoa kanda za watu zilizoliwa na mashine, akazikata na kuziunga kwa utepe, hakuwa na sekunde moja ya babu yake mwenyewe. Kila nikisikia watu wa Washington wakipiga makofi kwa furaha yao namfikiria Mjomba. Wale wana bahati kubwa, walikuwa ukumbini usiku ambao mtu alikumbuka kuwasha mashine.

Stimela, kwa lugha za Afrika Kusini, ni gari moshi. Neno limetoka kwa Kiingereza, steamer, chombo cha mvuke, na mzizi huohuo ulitupa sisi stima. Zamani stima ilikuwa meli, meli ya moshi iliyoingia Kilindini, na wazee bado husema hivyo. Leo stima ni umeme. Nililala uani usiku ule bila stima, nikisikiliza stimela. Neno moja lilifika kwao likapanda reli, likafika kwetu likapanda meli.

Masekela aliurekodi wimbo huu studio mwaka 1974, akiwa na miaka 35 na bado uhamishoni. Ninao pia, ni mzuri, umekaza. Katika ule wa 1993 anaanza kwa kuzungumza, kama mtu anayesimulia kibarazani. Anataja gari moshi linakotoka, nchi baada ya nchi, Namibia, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Angola, Msumbiji, Lesotho, Botswana, na wanaume limewapakia, vijana na wazee, kwenda kuchimba dhahabu ya Johannesburg kwa mkataba na malipo ya karibu bure. Halafu analia yeye mwenyewe kama injini. Ndicho kile king'ora cha Mjomba. Nilikisikia mara elfu pale dukani, nikidhani ni mtu anachezea kipaza sauti. Ni king'ora cha kitu ambacho wake na mama za watu walikichukia.

Baba alifanya kazi reli. Babu, mzee wa Taita, alishuka kwa daraja la tatu kutafuta kibarua cha Kilindini, na alikuwepo mgomo mkuu wa Januari 1947 ulipoisimamisha bandari. Baba akaingia reli mwaka 1973, faimani, yaani mchochea moto, wa zile injini kubwa za Garratt, aina ya 59, zilizovuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi. Zilikuwa 34, zimejengwa Manchester na Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 na zaidi. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 80 zilikuwa zimekwisha kuegeshwa, zikaja za dizeli. Moja, Mount Gelai, iko makumbusho ya reli Nairobi. Treni za abiria za reli ya zamani baina ya Mombasa na Nairobi nazo zilikoma mwaka 2017, kituo kipya kikafunguliwa Miritini, na Baba hajawahi kwenda kukiangalia.

Jumapili moja nilimletea spika ndogo kibarazani. Tulikuwa na kahawa tungu na kaimati. Nikamwekea wimbo wa mwisho, bila kusema kitu.

Kengele ilipolia aliinua kichwa. Masekela alipoanza kutaja nchi, Baba aliuliza, "Watu wa kule kote?" Nikasema ndiyo, Baba, wa kule kote. Kilipopigwa king'ora alitikisa kichwa.

"Hili ni la makaa," alisema. "Letu halikuwa la makaa, lilichoma mafuta. Makaa unayapiga koleo. Mafuta unayafungulia kwa gurudumu, jicho liko kwenye moto na jicho liko kwenye maji. Ukizidisha mafuta unatoa moshi mweusi, dereva anakutukana. Kutoka hapa mpaka Mazeras ni mlima mtupu, hukai chini. Mariakani unashukuru Mungu. Halafu Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, Mackinnon Road, usiku, na fisi wanalia."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo juu ya kazi yake. Flugelhoni ilikuwa imeingia. Alinyamaza kidogo, akaitegea, na nilipodhani ameirudia kahawa yake alianza kutaja, polepole, akihesabu kwa vidole, kama anaitikia yale mataifa.

"Kenya. Ruwenzori. Meru. Elgon. Hanang. Longonot. Kilimanjaro. Gelai." Alisimama. "Kuna moja nililifanyia kazi miaka miwili, la kusini, la Tanzania. Jina limenitoka."

Wimbo ulikwisha, watu wa Blues Alley wakapiga makofi na miluzi, spika ikanyamaza. Baba aliendelea kukunja na kukunjua kidole kile kimoja. Tuliswali magharibi, tukala, vyombo vikaondolewa, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikitafuta viatu vyangu aliponiita kutoka ndani.

"Rungwe," alisema.